Ukitaka kuanza gemu za RPG usianzie za kale wala za sasa, anza katikati

Kuna swali napata sana kutoka kwa wadogo zangu wa hapa Arusha, hasa zikifika likizo: "Braza nimepata laptop, niweke RPG gani, Skyrim, Elden Ring au hii Baldur's Gate 3 wanayoisifia?" Wengine wana simu tu, wanauliza kama Genshin Impact inafaa. Jibu langu ni moja kwa wote na wengi hawalipendi wakilisikia mara ya kwanza: anza na gemu za katikati, za kuanzia kama 1995 mpaka 2006 hivi, kipindi cha Super Nintendo inaishia mpaka PS2, cheza mbili tatu umalize kabisa, halafu ndo urudi nyuma kwenye za kale, na mwisho uje huku kwenye za sasa. Leo nataka nieleze kwa kirefu kwa nini nang'ang'ania hivyo, maana kwenye meseji naandika mistari miwili mtu anadhani nasifia utoto wangu tu.

Kwa ambaye ni mgeni kabisa, RPG ni gemu ambayo unashika mhusika anayeanza akiwa hana kitu, anapigana anapata uzoefu, anapanda levo, ananunua silaha, anakusanya wenzake njiani, na stori ndo inayokuvuta mpaka mwisho. Na hii kitu haikuanzia kwenye kompyuta, ilianzia mezani, mchezo wa Dungeons & Dragons uliotoka Marekani mwaka 1974, wa Gary Gygax na Dave Arneson, watu wamekaa na karatasi na penseli na dadu, mmoja anasimulia yanayotokea, wengine wanasema wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefanikiwa. Hilo lishike kichwani maana mpaka leo ndani ya kila RPG kuna dadu zinarushwa, tofauti ya kipindi na kipindi ni kwamba wanakuonyesha au wanakuficha.

Sasa sisi wa huku wengi tumekulia kwenye vibanda vya gemu, Kaloleni, Ngarenaro, Sakina, na Moshi kule Majengo na Pasua, na kibanda kina sheria zake. Unalipia mechi au unalipia nusu saa, nyuma yako kuna foleni, ukifungwa unampa mwenzio pad unasogea benchi. Ndo maana wote tunajua mpira, Tekken na mbio za magari. RPG haiwezi kuishi pale. Gemu ya saa 40 utaichezaje nusu saa nusu saa, na memori kadi ya PS1 ina nafasi 15 tu na ni ya mwenye kibanda, kesho unakuja unakuta faili lako limefutwa mtu kaweka timu yake. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema watu wa huku hawapendi gemu za stori namkatalia kabisa, hatukuwahi kupata nafasi ya kukaa nazo, basi. Sasa hivi mtu ana simu yake mwenyewe na faili lake mwenyewe, hakuna anayemsubiri, huu ndo wakati wa kuzicheza.

Nianze na za kale ili uone kwa nini sikupeleki huko kwanza. Mwaka 1981 zilitoka Ultima na Wizardry kwenye kompyuta za Apple II, Wajapani wakazipenda sana, na mwaka 1986 Yuji Horii na wenzake wakatoa Dragon Quest kwenye Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, wakaifanya nyepesi ili hata mtoto ashike pad acheze. Mwaka uliofuata ikaja Final Fantasy ya kwanza. Dragon Quest ile nzima, ramani, muziki, mazimwi yote, ilikuwa kwenye KB 64. Picha moja tu uliyotumiwa WhatsApp leo asubuhi inaweza kuzidi hapo. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba toleo la Japani halikuwa hata na pa kusevu, ukitaka kuacha unaenda kwa mfalme anakupa nywila ya herufi 20 unaiandika kwenye karatasi, kesho unaiingiza herufi kwa herufi, ukikosea moja imekula kwako.

Na kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, urefu wa gemu waliutafuta kwa njia nyingine. Unataka upanga mpya, dukani ni hela ndefu, zimwi dogo nje ya mji linakupa vihela viwili vitatu, basi zunguka nje ya ule mji unapiga vizimwi mpaka vidole vichoke. Final Fantasy ya 1987 ilikuwa na kitu kingine kigumu, ukiwaamrisha watu wako wawili wampige adui mmoja halafu wa kwanza akammaliza, wa pili anapiga hewa, pigo limepotea. Kuna watu wanasema huo ni uzembe wa waliotengeneza, mi naona una raha yake maana unalazimika kufikiri kabla ya kubonyeza, ila sitampa mtu hiyo iwe gemu yake ya kwanza maishani. Atachoka siku ya pili na atasema RPG zote ndo zilivyo.

Ukishaiva ndo urudi. Na ukirudi chukua daftari, hili nakuomba sana. Lile daftari la mistari la shule linatosha. Mi ninalo moja, kurasa za mbele kuna ramani za mapango nilizochora kwa mkono, mshale wa ngazi, alama ya X penye sanduku nililoshindwa kufungua, na pembeni maneno niliyoambiwa na wazee wa vijijini, kwa mfano fulani kasema ufunguo uko mashariki ya daraja. Gemu za kale hazikukumbushi chochote. Mtu wa kijijini anasema jambo mara moja, ukibonyeza limepita. Ukiandika unaanza kuona jinsi zilivyopangwa vizuri, kwamba kila neno aliloambiwa mchezaji lina kazi, na hapo ndo utamu wake unapofunguka.

Haya, katikati sasa, na hapa nitakaa.

Chukua Chrono Trigger, Super Nintendo, 1995. Gemu nzima ni MB 4. Nne! Ndani yake unasafiri kwenye wakati, kuanzia enzi za mijusi mikubwa mpaka mwaka 2300 dunia ikiwa imeharibika, na unachofanya zamani kinabadilisha baadaye. Kuna sehemu moja lazima nikusimulie, haiharibu stori kuu. Mwaka 600 kuna mama anaishi pembeni ya jangwa, ndoto yake ni msitu urudi, lakini kazi hiyo mtu mmoja haimalizi hata maisha yake yote. Mmoja wa wenzako ni roboti, anaitwa Robo, anajitolea kubaki alime na kupanda. Nyie mnapanda chombo mnaenda mbele mwaka 1000, kwenu ni sekunde chache, mnafika mnakuta msitu umefunika lile jangwa lote na katikati kuna nyumba ya ibada imejengwa kumuenzi, na yeye yumo ndani, amechakaa, amefanya kazi miaka 400. Mnamuwasha, usiku mnakaa wote msituni mnaota moto mnaongea. Hiyo ni ya vidoti vidoti tu, hakuna sauti ya mtu hata moja, na mi sijaona gemu nyingi za leo za GB mia zenye sehemu inayonigusa kama ile.

Unaona sasa kwa nini nasema katikati. Kipindi kile walishajifunza kupunguza yale mateso ya mwanzo, kwenye Chrono Trigger maadui unawaona kabisa kwenye ramani na vita inapiganwa palepale ulipo, lakini walikuwa bado hawana uwezo wa kukuficha mambo kwa grafiksi. Sheria zote ziko wazi mbele yako. Nguvu ni namba, uchawi una gharama, moto unashinda barafu, ukishindwa unajua kwa nini umeshindwa. Hiyo ndo elimu yenyewe ya RPG, na ukiipata huku, gemu yoyote ya zamani au ya mpya ukiifungua unaisoma kama unavyosoma gazeti.

Final Fantasy VII ya 1997 ilikuja kwenye CD tatu za PS1 na ndo iliyofanya dunia nzima nje ya Japani ianze kuzijali hizi gemu. Vile vijiwe vya materia unavyopachika kwenye silaha ni mfano mzuri sana wa mfumo ulio rahisi kuuelewa na mgumu kuumaliza, kijiwe cha moto ukikiunganisha na kijiwe cha kusambaza unapiga maadui wote kwa pamoja, halafu unaanza kujiuliza na hiki nikiunganisha na kile je. Mwisho wa CD ya kwanza kuna jambo linatokea. Kama hujaambiwa mpaka leo, usimruhusu mtu akuambie.

Lakini iliyonifundisha kitu kikubwa zaidi ni Final Fantasy X ya PS2, 2001. Tuliicheza Desemba kwa babu, Kibosho. Si mnajua Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani, watoto wamelala mpaka sebuleni, baridi ya mlimani, na binamu yangu kaja na PS2 na ile gemu. Wote tulitegemea mpira. Kwa bahati ndani yake kuna mpira unaochezwa chini ya maji unaitwa blitzball, una ligi na usajili wa wachezaji kabisa, kwa hiyo wale wa mpira wakakaa kwa ajili ya hiyo, na wakajikuta wamebaki kwenye stori.

Kitu nilichokiona pale ni hiki. Final Fantasy X ni ya zamu kwa kweli, muda hauendi mpaka uchague, na pembeni ya skrini kuna orodha inaonyesha nani anafuata kupiga. Gemu inakusubiri. Kwa hiyo sebule nzima inacheza hata kama pad ni moja. Akija adui anayeruka unasikia nyuma watoto wanapiga kelele "mtoe huyo mwenye panga muweke mwenye mpira!" maana Wakka anarusha mpira anafikia wale wa juu, wakija wale wa uteute ambao panga haliwaingii basi "muite Lulu, Lulu na uchawi", akija mwenye gamba gumu wanamtaka Auron na lile panga lake zito. Unabadilisha mtu katikati ya vita bila kupoteza zamu. Na bibi ambaye hakuwa anashughulika na vita alikuwa anafuatilia safari, maana Yuna ni binti anayetembea hekalu kwa hekalu akijiandaa kupambana na zimwi linaloangamiza miji, na kila jioni bibi anauliza, "Yule binti leo amefika hekalu gani?" Binamu anamtafsiria. Ilikuwa Final Fantasy ya kwanza kwenye mfululizo ule mkuu kuwa na sauti za watu, kwa hiyo hata asiyesoma maandishi alisikia huzuni ilipo.

Umeme ukikatika kabla hujaigusa ile duara ya kusevu, imeondoka na kila kitu ulichofanya. Lakini hata hapo tuliwasha mshumaa watu wakaendelea kubishana tungepigaje. Gemu ya kasi haikupi hayo, anayecheza anacheza, wengine mnatazama.

Nigeuke kidogo upande wa kompyuta maana huko kipindi hichohicho walikuwa wanafanya mambo tofauti. Fallout 1997, Baldur's Gate 1998 ya BioWare ambayo ilikuwa Dungeons & Dragons yenyewe imeingizwa kwenye kompyuta, na Morrowind 2002 ya Bethesda. Hii Morrowind nataka niisemee. Unashushwa kwenye meli kwenye kijiji kidogo kinaitwa Seyda Neen, unapewa kifurushi, unaambiwa mpelekee mtu fulani mji wa Balmora, basi, wamekuacha. Hakuna mshale. Maelekezo ya kule ni kama anavyokuelekeza mtu wa Sakina, shuka hapo, fuata njia ya vumbi, ukivuka daraja kata kushoto, ukiona jiwe kubwa umepita. Na unapotea kweli. Unapotea unakuta kaburi, ndani ya kaburi unakuta pete, hiyo pete inakusaidia saa kumi mbele, na hayo yote yamekuja kwa sababu ulikata kulia badala ya kushoto.

Halafu 2006 kampuni hiyohiyo ikatoa Oblivion, ikaweka mshale kwenye dira unaokupeleka mpaka mlangoni. Wengi walishukuru, na mi naelewa, mtu ametoka kazini ana saa moja hataki kutafuta daraja. Ila kitu kimoja kilikufa pale. Kwa kuwa mshale upo, wanaoandika maneno ya wahusika hawakuwa na haja tena ya kukuelekeza. Ukienda Skyrim ya 2011 ukauzima mshale ukitaka kucheza kwa akili yako, misheni nyingi huwezi kuzifanya, anakuambia tu nenda kwenye pango fulani niletee kitu, pango liko wapi hasemi. Kwa hiyo ukianza na Skyrim unajifunza kufuata mshale, sio kusikiliza watu, halafu ukija kurudi nyuma kwenye Morrowind unaiona imeharibika. Ukianza katikati unaingia Skyrim unasikiliza, unasoma vitabu vilivyolala mezani, unaiona ile dunia ilivyotengenezwa kwa mapenzi. Maana ni gemu nzuri, sitaki nieleweke vibaya, ule mfumo wa kwamba unachokifanya ndicho kinachokua, ukipiga mishale sana upinde unapanda, ukinyatia sana kunyatia kunapanda, ni mzuri kuliko wa kuchagua namba kwenye menyu.

Oblivion hiyohiyo 2006 ndo iliyouza gamba la farasi kwa kama dola 2 na nusu, watu wakakasirika, na ndo mlango ulipofunguka wa kuuziwa vipande vipande. Nitarudi hapo.

Kwenye uandishi za sasa zimeenda mbali na lazima niwape haki yao. The Witcher 3 ya 2015, ya Wapolandi wa CD Projekt Red, ina stori ya Baroni mmoja mlevi anayetafuta mke na binti yake, na ndani yake kuna roho iliyofungwa chini ya mti inakuomba uiachie. Ukiiachia kuna watu watapona na wengine watakufa, ukiiua vilevile, na hakuna sehemu inayokuandikia kwamba hili ndo jema. Unaamua, unaondoka, matokeo unakutana nayo baadaye ukiwa ushasahau. Gemu za miaka ya 90 nyingi hazikuwa na ujasiri wa kukuacha na uzito wa namna hiyo, stori yao ilikuwa inaenda kulekule ufanye usifanye. Hapa nawaambia wazi vijana wako sahihi wakisema za sasa zina uchaguzi wenye maana zaidi.

Elden Ring ya 2022 nayo, na ndugu zake waliotangulia kuanzia Demon's Souls 2009, inashangaza watu kwa ugumu lakini mwenye kumbukumbu anaijua hii, ni roho ya zile za kale imerudi. Hakuna daftari la misheni, mtu anasema neno moja anaondoka, ukifa unaacha ulichokusanya palepale ulipofia na ukifa tena kabla hujakifikia kimepotea. Nimewaona vijana wanaiweka kama RPG yao ya kwanza wanaifuta wiki hiyohiyo. Aliyewahi kuchora ramani kwenye daftari haifuti, anajua kwamba akikwama mahali anatakiwa aondoke aende upande mwingine akapate nguvu arudi.

Genshin Impact. Ilitoka 2020, ni bure, ni nzuri kuangalia, muziki wake mzuri sana, na inaingia kwenye simu. Tatizo langu ni kwamba wahusika wengi unawapata kwa bahati nasibu, unavuta unavuta, na uhakika wa kumpata mhusika wa nyota tano unafika ukivuta mara 90, na hata hapo anaweza kuja mwingine usiyemtaka. Kwenye Final Fantasy X ukimtaka mtu mwenye nguvu unamjenga mwenyewe kwa muda wako. Huku wanajua muda huna, wanakuuzia. Kama unaweza kucheza bila kuweka hata shilingi, cheza, furahia ramani. Kama una mdogo wako anayetumia simu iliyounganishwa na hela ya mama, usimwekee, nimeona nyumba imelala njaa ya bando na vocha kwa ajili ya vitu hivi na sio jambo la kuchekea.

Na angalia dunia ilivyozunguka. Mwaka 2023 Larian wa Ubelgiji wakatoa Baldur's Gate 3, ni ya zamu, na dadu wameirudisha mbele ya macho yako, ya pande 20 inabingirika kwenye skrini, ikija 1 umeshindwa hata kama una ujuzi wote, ikija 20 umepita. Ikachukua tuzo ya gemu bora ya mwaka. Mwaka 2025 Wafaransa wa Sandfall wakatoa Clair Obscur: Expedition 33, nayo ya zamu, ila unakwepa na kuzuia mapigo kwa kubonyeza kwa wakati, na ukiicheza unaona kabisa hawa watu wamekulia kwenye Final Fantasy za kipindi kile. Miaka mingi tuliambiwa zamu zimekufa, watoto wa leo wanataka kasi. Basi ukitoka katikati, hizi mbili unaingia kama umerudi mtaani kwenu.

Sasa tuongee vifaa na bando, maana hapo ndo wengi wanakwama. Baldur's Gate 3 inataka GB 150 za nafasi na mashine yenye nguvu. Kwa bando letu la simu hiyo peke yake ni safari, na laptop za mtumba nyingi tunazonunua mjini haziibebi. Chrono Trigger nimeshasema ni MB 4, gemu za Game Boy Advance kubwa kabisa ni MB 32. Simu yoyote ya Android ya kawaida inacheza. Gemu nyingi za katikati zinauzwa rasmi Play Store sasa, Chrono Trigger, Final Fantasy VII, Final Fantasy IX, Baldur's Gate ile ya kwanza, unalipa mara moja imekuwa yako, hakuna bahati nasibu na hailambi bando ukishaiweka, na bei zinashushwa mara kwa mara kwa hiyo iweke kwenye orodha usubiri. Wengi wenu PPSSPP, ile app ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, mnayo tayari kwa ajili ya mpira na God of War, basi mjue PSP ilikuwa nyumba ya RPG haswa, Final Fantasy Tactics ipo, Persona 3 Portable ipo, Crisis Core ipo.

Ukitumia emuleta, yaani app inayoigiza mashine ya zamani kama hiyo PPSSPP, kuna ile ya kusevu popote unapotaka. Itumie kwa ajili ya umeme na chaji, yaani ukiona betri inaisha sevu. Usiitumie kurudisha kila pigo lililokukosa. Nimekaa na watu wanarudisha mpaka bahati iwaangukie, wanamaliza gemu na ukiwauliza yule bosi wa tatu mlimshindaje hawakumbuki, kwa sababu hawakuwahi kushindwa.

Kiingereza kisikutishe. Maneno ya menyu yanajirudia, baada ya jioni kadhaa yamekaa kichwani, na za zamani maandishi yanakusubiri mpaka ubonyeze, tofauti na za sasa mtu anaongea huku anakimbia na farasi. Usiruke mazungumzo. Ukiruka mazungumzo kwenye RPG umebaki na kupiga mazimwi tu, na kwa kupiga peke yake Tekken inakutosha.

Kwa mpangilio wenyewe, mi ningekupa hivi. Chrono Trigger kwanza maana ni fupi na haina kona mbaya. Halafu Final Fantasy VII au X, ukiwa na watu nyumbani chagua X. Kama unapenda kufikiri sana kuliko stori weka Tactics hapo. Ukimaliza hizo rudi ucheze Final Fantasy ya kwanza ukiwa na daftari, matoleo mapya ya Pixel Remaster yana pa kuongeza kasi ya uzoefu, usiiguse mpaka ufike pango la pili au la tatu ili uonje ilivyokuwa. Kisha Morrowind. Baada ya hapo The Witcher 3, Elden Ring, chochote kitakachoingia kwenye mashine yako, hutaniuliza tena.

Na kama ni mtoto mdogo wa darasa la tatu la nne hivi, yote hayo weka pembeni, mpe Pokémon. Ile ya mwanzo ya Game Boy iliyotoka Japani 1996 ina viumbe 151, maji yanazima moto, moto unaunguza majani, majani yanakunywa maji, mtoto anaelewa siku hiyohiyo. Ila ina nafasi moja tu ya kusevu, kwa hiyo kama wapo wawili nyumbani kila mmoja awe na faili lake tofauti, la sivyo jioni utakuwa na kesi ya kuamua. Kaa naye siku za mwanzo umsomee wanachosema, muulize anataka kumpa jina gani yule wa kwanza.